Njaa ya Mamdogo Somoe

Kwanza ilikuwa sauti. Chuma kikikwangua chuma, kwaru, kwaru, kisha kimya, kana kwamba anayekwangua ametulia kusikiliza kama yupo anayemsikia. Kisha tena, kwaru, kwaru, kwa haraka zaidi. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka sebuleni, saa ile ya mchana ambapo Mtoni nzima hujikunyata kukwepa jua, na nilijua kwamba hakuwa panya. Sauti ile ilikuwa na haya ndani yake. Panya hana haya.

Niliifuata hadi stoo ya nyuma, chumba kisicho na dirisha ambamo Mama aliweka masufuria yake makubwa ya kazi. Mamdogo Somoe, mdogo wake Mama, alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, na katikati ya miguu hiyo limesimama sufuria lililopikiwa wali wa harusi jana yake. Alikuwa akibandua ukoko kwa kijiko na kuutia mdomoni, na kabla hajaumeza anachota sukari kwa kiganja kutoka kwenye mfuko, anaufuatishia. Hakula kama mtu anayefurahia. Alikula kama mtu anayefukia shimo na mvua imeshaanza kunyesha. Machozi yalikuwa yakimshuka, na taya hazikusimama.

Aliponiona, aliweka kidole midomoni. Kidole kilikuwa kinang'aa mafuta.

"Tunu, mwanangu, nenda kalale," alisema. "Na usimwambie mama'ko."

Wiki iliyopita, hapa Kinondoni ninapoishi sasa, jirani wa chumba cha tatu aliunguza wali. Harufu ilipita chini ya mlango, na muda mfupi baadaye nikasikia anakwangua. Sikuweza kukaa. Niliinuka, nikafungua bomba, nikalifunga, nikatoka barazani, nikarudi, nikatoka tena. Ninyi wa rika langu mtakumbuka tulivyoupigania ukoko: mkubwa apewe ule wa katikati, mdogo aambiwe wake umebaki pembeni, na anayelia anyimwe kabisa. Kwenu labda harufu hiyo ni ya furaha. Mie hunipandisha mapigo ya moyo, nikatafuta kitu cha kufanya na mikono.

Mama alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, arobaini, maulidi, kipaimara cha Wakristo wa mtaa wa juu, wote walimfuata yeye. Baba alikuwa dereva wa lori, nyumbani alikuwa mgeni kama wageni wengine. Kazi ile Mama aliirithi kwa bibi yetu kule Lindi, pamoja na sharti lake moja: siku ya shughuli mpishi hali chochote mpaka mgeni wa mwisho anawe mikono. Chumvi anaionja kwa ncha ya ulimi na kutema. Mpishi akitangulia kula, Mama alisema, chakula kinakosa baraka, na hata uongeze mchele gunia zima hakitatosha. Nimemwona ameshinda na njaa tangu alfajiri hadi magharibi, mikono imejaa nyama, midomo mikavu, na uso wake una fahari ya askari.

Mamdogo alikuja kwetu kutoka Lindi akiwa ameachika. Miezi michache kabla ya hapo tulikuwa tumekwenda kumtembelea, na tumbo lake lilikuwa kubwa kiasi kwamba niliweza kuegemeza daftari langu la shule juu yake. Sasa alishuka stendi na begi moja, bila mtoto. Hakuna aliyenieleza kitu. Nyumbani kwetu mambo ya namna hiyo hayakuelezwa, yalizungukwa, kama watu wanavyozunguka mtu aliyesinzia njiani. Nikajieleza mwenyewe. Tumbo la Mamdogo lilikuwa bado lipo, laini na zito chini ya kanga. Kwa hiyo mtoto alikuwa bado yumo. Alikataa kutoka, basi. Nilimwona ni mtoto mwenye akili.

Ndiyo maana nilichokiona stoo hakikunitisha. Kwenye sinia, tulipokula wote, Mamdogo alimega matonge mawili matatu na kusema ameshiba. Bi Mwajuma, msaidizi wa Mama jikoni, mwanamke asiyejua kunong'ona, alikuwa akimcheka kila siku.

"Somoe, mwili wote huo unaulisha upepo?"

"Mie ndo nilivyo, Bi Mwajuma. Hata maji yananinenepesha."

"Basi nionyeshe bomba unakoyachota, na mie nihamie huko!"

Mamdogo alicheka pamoja naye, mkono mbele ya mdomo. Baadaye, mchana, kwaru, kwaru. Mimi nilijua siri. Yeye anakula matonge mawili, hayo mengine ni ya mtoto. Wakati mwingine alilala kwenye mkeka baada ya stoo, hawezi kugeuka, nami nikalaza sikio tumboni mwake na kusikia ngurumo, milio, kitu kinajiviringisha. Niliongea naye. Nilimwambia jina langu na darasa langu. Mamdogo alinisukuma polepole, akageukia ukuta.

Chakula kilianza kupungua waziwazi. Vitumbua vya hitima, nusu ndoo. Maziwa ya unga. Siku moja mkate mzima na siagi yake. Mama hakuwa mjinga, alikuwa amechelewa tu kutaka kujua. Alianza na dawa ya minyoo kutoka duka la dawa, akimsimamia mpaka ameze. Minyoo haikutoka, chakula kikaendelea kupotea. Ndipo akapata dawa aliyoiamini zaidi, kwa sababu ndiyo iliyomlea yeye.

"Utafunga," alimwambia. "Jumatatu na Alhamisi, sunna. Nafsi ikizoea kula ovyo, inafundishwa adabu kwa njaa. Mie nashinda na njaa mbele ya pilau, sembuse wewe uliyekaa tu?"

Mamdogo alifunga. Alifunga kwa bidii kuliko sote, hata siku ambazo hazikuwa za sunna. Na kila alipofunga, kesho yake sauti ya stoo ilianza mapema zaidi na kukawia zaidi. Mtu mzima angeweza kuona uhusiano huo. Mama hakuuona. Aliona tu kwamba adabu bado haijatosha, akaongeza siku.

Kisha akaweka sharti la mwisho. Ilikuwa asubuhi, anachambua mchele, hakuinua uso.

"Somoe. Chakula changu mwenyewe nimekusamehe. Ila siku ukigusa chakula cha watu, cha shughuli, utarudi Lindi. Jina langu ndo duka langu, sina lingine."

Sikumbuki kumwona mtu akiogopa mahali kama Mamdogo alivyoiogopa Lindi. Kule alikuwepo mume aliyemwacha, na nyumba ya mume huyo ilitazamana na nyumba ya babu. Aliitika, "Sawa dada," na vidole vyake vikaanza kutafuta kitu kwenye upindo wa kanga.

Hospitali tulifika kwa sababu ya maumivu. Alasiri moja Mamdogo alikutwa stoo amejikunja, jasho linamtoka, tumbo gumu kama ngoma, hawezi hata kusema wapi panauma. Walimpima damu, choo, sukari, wakamshika shingo kutafuta tezi. Hawakuona kitu. Daktari kijana aliandika karatasi na kutuelekeza jengo la nyuma, siku ya Jumatano. Nilikwenda nao maana hapakuwa na wa kuniachia. Juu ya mlango paliandikwa Kliniki ya Afya ya Akili. Mama aliposoma, alivuta ushungi hadi machoni na kukaa mwisho kabisa wa benchi, kama mtu anayesubiri gari lingine.

Daktari alikuwa mama wa makamo, wa bara, herufi zake za R zikikunguruma kama redio mbovu. Alimuuliza Mamdogo kama anakula hata akiwa hana njaa.

"Anakula mpaka unga mbichi," alijibu Mama.

"Nimemuuliza yeye, mama."

Mamdogo alitazama sakafu. Daktari akasubiri. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mkubwa akisubiri jibu muda mrefu namna ile bila kukasirika.

"Naanza nikitaka kidogo tu," Mamdogo alisema hatimaye. "Halafu mkono si wangu. Najiona kama nimesimama pembeni namwangalia mtu mwingine anakula. Nikimaliza natamani ardhi inimeze."

"Unatapika? Unajitapisha?"

"Hapana. Nafunga."

Daktari aliweka kalamu chini. Alisema ugonjwa huo upo, wa kula kupita kiasi bila kuweza kujizuia, na kwamba si tamaa wala si ukosefu wa adabu. Alisema anayejinyima leo ndiye atakayeshindwa kujizuia kesho. Dawa ya kwanza, alisema, ni kula. Chai asubuhi, chakula mchana, kitu kidogo saa kumi, chakula usiku. Asiruke, hata kama jana yake amekula mpaka akaumwa. Na hizo funga za sunna aziache kwanza.

Mama alisimama. "Daktari unamkataza mtu ibada?"

"Sijakataza dini, mama yangu. Muulize shehe wenu kama mgonjwa anafunga."

"Mgonjwa wa nini? Mtu anamaliza sinia!"

"Wa hicho hicho."

Hata hivyo Mama alikwenda kumuuliza shehe, na shehe alimjibu kama daktari, jambo lililomkera zaidi. Mamdogo akarudi na daftari jembamba. Aandike saa, alichokula, na alichohisi kabla hajala. Kila Jumatano alilipeleka, wakalisoma yeye na daktari, na baada ya wiki kadhaa akaongezewa vidonge. Mie nilikuwa nimeanza kujua kusoma, na hakuna kitu kilichokuwa salama mbele yangu. Nililikuta chini ya mto. Ukurasa mmoja ulisema: Jumanne, saa tisa. Wali wa jana, ukoko, sukari. Kabla yake: nilisikia mtoto wa jirani analia.

Nilielewa vizuri sana, kwa akili yangu. Mtoto wa ndani alimsikia mwenzake.

Siku zikapita na stoo ikanyamaza. Si ghafla, ilinyamaza siku mbili, ikakwangua, ikanyamaza nne. Mamdogo alikunywa chai na mihogo asubuhi, polepole, akitazamana nayo kama watu wasioaminiana wanaofanya biashara. Akaanza kuimba akifua. Akamjibu Bi Mwajuma utani bila kuziba mdomo. Kila mtu nyumbani alipumua, isipokuwa mimi. Nililaza sikio tumboni mwake na sikusikia kitu. Nililaza tena kesho yake. Kimya. Nilikuwa sikai, sili vizuri, nazunguka nyumba, natoka uani, narudi, naangalia tumbo lile lililokuwa likishuka chini ya kanga. Niliona wanamuua mtoto taratibu, kwa saa na ratiba, na wote wanacheka.

Kisha ikaja harusi ya Kijichi, kubwa kuliko zote Mama alizowahi kupewa. Tulifika alfajiri, nyuma ya nyumba ya bibi harusi, chini ya turubai la bluu. Mamdogo alikuwa amekuja na chai yake kwenye chupa na mkate kwenye mfuko. Mama aliviona.

"Somoe, leo usiniletee mambo ya daftari. Leo tu. Mpishi hali."

"Dada, daktari kasema nisiruke."

"Daktari anajua kupika pilau la watu?"

Bi Mwajuma aliangua kicheko. "Muache, Mama Tunu, si unajua siku hizi anakula kwa cheti!"

Wanawake wote wakacheka. Mamdogo aliangalia chupa yake ya chai, akaangalia uso wa dada yake. Aliirudisha kwenye kikapu.

Upande wa bwana harusi ulichelewa. Adhuhuri ikapita. Moshi, vitunguu vikikaangwa, mdalasini, nyama. Alasiri ikaadhiniwa na wageni bado wako njiani, simu zinapigwa, "tumefika darajani, tumefika darajani." Mamdogo alikuwa anakata kachumbari. Alikuwa akimeza mate, nami nilikuwa nikihesabu. Midomo yake ilikuwa imegeuka kijivu. Nikasema moyoni, leo ndiyo siku atakayokufa mtoto.

Nyama za kukaanga za meza kuu zilikuwa zimetengwa kwenye ndoo nyeupe yenye kifuniko. Niliibeba kwa mikono miwili, ikinigonga magoti, hadi kwenye kichochoro kati ya choo na ukuta. Nikarudi nikamvuta Mamdogo kanga. Alinifuata akidhani naumwa. Nilifungua kifuniko.

"Mpe," nilimwambia.

Hakuniuliza ampe nani. Sidhani kama alinisikia. Alichuchumaa, akatazama ndani ya ndoo kwa muda ambao hata sasa naona ulikuwa mrefu, na mkono wake ukaanza kwenda, ukarudi, ukaenda. Nikasimama mlinzi kwenye kona, moyo unanipiga kwa furaha. Nyuma yangu nilisikia anatafuna, na anatafuna, na kati ya kutafuna analia kama mtu aliyepaliwa.

Mama alimkuta pale. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. Aliichukua ndoo, akaangalia kilichobaki, akamwambia, "Nawa uso, watu wasikuone." Meza kuu ikapelekewa pilau na vipande vilivyookotwa kutoka masinia mengine. Nilimsikia shangazi wa bibi harusi akisema kwa sauti ya kutosha, "Kumbe huyu mpishi ana familia kubwa." Mama akatabasamu. Tabasamu lile lilikaa usoni pake mpaka tulipofika nyumbani.

Asubuhi yake nilikuta begi la Mamdogo limewekwa sebuleni. Mama ndiye aliyelitoa. Mamdogo alikuwa amekaa mkabala nalo, amevaa gauni lake la kutokea, na mapajani ana lile daftari.

"Leo Jumatano," alisema.

"Naijua," alisema Mama.

"Nakwenda kliniki."

"Kumwambia nini? Baada ya jana, Somoe, utamwambia nini yule mwanamke?"

"Kwamba nimekula." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutafuta pa kujificha. "Kaniambia likitokea nisijifiche, niende. Nimeshaandika. Saa na kila kitu."

"Na Lindi?"

"Lindi utanipeleka dada, we ndo mkubwa. Lakini kule hakuna wa kumwambia."

Nilishindwa. Nilitoka nyuma ya pazia nikasema yote kwa pumzi moja: kwamba ni mimi, kwamba ndoo niliibeba mimi, kwamba nilitaka mtoto asife njaa, yule wa tumboni, kwa sababu amenyamaza na wao hawamsikilizi. Mama alinyanyua mkono wa kunichapa, akaushusha katikati. Aliangalia pembeni. Nilimwona kwa mara ya kwanza hana cha kufanya na mikono yake.

Mamdogo alinivuta. Alinishika mashavu, viganja vyake vina baridi.

"Tunu, nisikilize. Mtoto alikufa. Alizaliwa Lindi, akafa siku hiyohiyo, akazikwa. Alikuwa wa kike. Ndani humu hakuna mtu. Ndoo ulileta wewe, lakini aliyekula mie. Umesikia? Mie mwenyewe."

Hakuna aliyekuwa amelitamka hilo ndani ya nyumba yetu, hata kwa mafumbo. Nadhani hata yeye alilisikia kwa mara ya kwanza. Nililia, si kwa ajili ya ndoo. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia yule mtoto jina langu.

Mama aliingia jikoni. Tulisikia vyombo vikigonganishwa kwa hasira isiyo na mwenyewe. Alirudi na kikombe cha chai na sahani ya chapati mbili, akaviweka mezani kwa kishindo hata chai ikamwagika.

"Kunywa kwanza ndo uondoke," alisema, kwa sauti ya kufukuza kuku. "Saa moja hiyo inapita. Si ndo mlivyokubaliana?"

Mamdogo alisogea mezani. Alikula chapati moja, akaimega ya pili katikati, akaimaliza nusu, akasukuma sahani. Mama alisimama juu yake muda wote, hakukaa, hakuondoka. Begi lilikuwa pale pale.

"Ukirudi tutazungumza," Mama alisema.

"Sawa dada."

Nilikuwa nimeshavaa kandambili. "Twende wote, Mamdogo."

"Leo naenda peke yangu, mwanangu."

Alijifunga ushungi, akaweka daftari kwapani. Mlango wetu ulikuwa mzito, mbao zake zimevimba kwa mvua, na kila mtu aliyetoka aliuacha wazi ili asisumbuke nao. Yeye alitoka, akageuka, akaushika kwa mikono miwili na kuuvuta mpaka ukafunga.